Kaya 400, walipaji 120: jibu kwa katibu wa kikundi cha taka, Kimara

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kimara, Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam. Anaandika:

"Mtaa wetu una kaya kama 400. Mwaka juzi tulianzisha kikundi cha kuzoa taka kwa idhini ya ofisi ya mtaa, kila kaya ikilipa shilingi 3,000 kwa mwezi. Miezi ya mwanzo zililipa kaya 300. Leo zinalipa 120, na wengine wanatupa korongoni usiku. Vijana wanne wanazoa kwa guta kutoka vichochoroni hadi barabarani, halafu Canter ya kukodi inatutoza shilingi 100,000 kwa safari ya dampo. Mwenyekiti anataka tupige faini. Diwani anasema watu hawana elimu. Mimi nimechoka kuitisha mikutano: wote wananyoosha mikono kukubali, kisha hakuna kinachobadilika. Tufanye nini? Na je, tuchukue mkopo wa halmashauri tununue gari letu?"

Dada, pole na kazi. Nimekaa na vikundi vya taka vya jiji hili kwa miaka mingi, na umeniandikia vizuri kwa sababu umenipa namba. Nitaanza na hizo namba zako, kabla ya faini na kabla ya elimu.

Kaya 400, tuseme kila kaya ina watu wanne, ni watu 1,600. Kwa mtaa wenye wapangaji wengi, nusu kilo ya taka kwa mtu kwa siku ni makadirio ya wastani. Hizo ni kilo 800 kwa siku, tani 5.6 kwa wiki. Canter ya tani tatu na nusu itahitaji safari mbili kila wiki, nane kwa mwezi, yaani shilingi 800,000. Sasa rudi kwenye mwezi wenu bora kuliko yote, walipolipa 300: mlikusanya 900,000. Gari likachukua 800,000. Vijana wanne, glavu, kupuliza tairi za guta, vocha ya kumpigia dereva, vyote vikabaki na laki moja.

Kikundi chenu kilianza kuumia wakati kila mtu alikuwa anakisifia. Kilichofuata nimekiona mitaa mingi. Wiki moja mnaruka safari ili vijana wapate chochote. Viroba vinakaa getini siku nane, siku kumi, mbwa wanachana, funza wanatoka. Mama mwenye nyumba anamwita kijana wa mkokoteni, anampa mia tano, uchafu unaondoka saa hiyohiyo. Mwisho wa mwezi mnakwenda kumdai 3,000, anauliza: ya kazi gani? Akiacha kulipa yeye, safari nyingine inapungua. Leo 120 mara 3,000 ni 360,000, safari tatu na chenji. Gari linalokuja mara tatu kwa mwezi, siku isiyojulikana, haliwezi kumfanya mtu atunze taka ndani kulisubiri.

Fungua daftari lenu la makusanyo, uliweke kando ya kumbukumbu za safari za gari. Naamini utaona kwamba wiki ambazo gari halikuja zinatangulia miezi ambayo watu waliacha kulipa. Kama ni hivyo, diwani na mwenyekiti wote wawili wanatibu ugonjwa ambao sio. Watu wenu waliitikia mwito. Kaya 300 kati ya 400, bila kulazimishwa, ni mwitikio ambao vikundi vingi vinautamani. Huduma ndiyo iliyokatika kwanza.

Hii hoja ya "watu hawana elimu" naisikia kila mahali, na inaniumiza kwa sababu jiji hili lina historia inayoikataa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa katikati yao, lenye moshi, nzi na harufu. Walishinda. Halmashauri ikaomba muda, ikaongezewa, na dampo likafungwa mwaka 1991. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na tangu mwaka 2007 hivi zinakwenda Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Watu wa kawaida wa uswahilini walijua madhara ya taka kiasi cha kufungua kesi dhidi ya serikali yao. Watoto wao na wajukuu wao ndio wanaoishi Kimara, Goba na Kinyerezi leo. Hawahitaji kuambiwa kwamba uchafu unaleta kipindupindu.

Umbali huo wa Pugu, kwa njia, ndio unaoibeba ile laki moja mnayotozwa kwa kila safari. Kila dampo lilipohama kwenda mbali, gharama ya mafuta ilihamia kwenye ada ya mwananchi, na hakuna aliyemweleza. Mweleze. Mtu akijua kwamba sehemu kubwa ya 3,000 yake ni dizeli ya kwenda Pugu na kurudi, ataelewa haraka kwa nini unamwomba apunguze uzito wa kiroba, jambo ambalo nitalifikia.

Kuna kipande kingine cha historia kinachowahusu ninyi moja kwa moja. Mwaka 1992 taka zilizokuwa zinazolewa Dar es Salaam hazikufika asilimia 5 ya zilizozalishwa. Jiji lilikuwa na malori machache na mengi yalikuwa juu ya mawe. Ndipo mwaka 1994 kazi ya kata za katikati ikapewa kampuni binafsi, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikagawanywa kwa makampuni madogo na vikundi vya wakazi, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Hananasif, Kinondoni, kikundi cha akina mama cha KIMWODA kiliingia kwenye vichochoro ambavyo lori lisingeweza hata kuchungulia. Vikundi vile vilipewa vitu viwili pamoja: eneo la kuzoa, na haki ya kukusanya ada kwa nguvu ya sheria ndogo. Wewe unasema mlianza kwa idhini ya ofisi ya mtaa. Nakuuliza: mna mkataba au barua ya manispaa inayotaja mipaka yenu na kiwango cha ada? Kama hamna, basi hamna msimamo wowote mbele ya mtu anayekataa, na siku mzabuni mwingine akipewa kata nzima mtaambiwa mkae pembeni na guta lenu. Hilo la karatasi lishughulikieni mwezi huu. Mahali pa kuanzia ni kwa afisa afya wa kata.

Sheria yenyewe iko upande wenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aliyeko Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na papo hapo inamtwika wajibu wa kuyalinda. Taka ngumu za mijini imeziweka mikononi mwa serikali za mitaa. Kwa hiyo kikundi chenu kinaisaidia manispaa kazi yake. Hamuombi fadhila mnapodai ghuba la kuhifadhia taka kandokando ya lami, au gari la manispaa angalau safari moja kwa mwezi. Andikeni barua, igongwe muhuri wa mtaa, mpeleke nakala kwa diwani. Hiyo ni kazi nzuri zaidi kwa diwani kuliko kulaumu elimu ya wapiga kura wake.

Sasa nije kwenye mikutano, maana hapa ndipo umechoka na una haki ya kuchoka.

Jiulize nani anakuja kwenye mkutano wa Jumapili jioni. Wanakuja wenye nyumba, wazee, akina mama wa vikoba, wastaafu wawili watatu wanaopenda kusimama na kuongea. Kisha jiulize nani anabeba ndoo ya taka kutoka jikoni. Ni dada wa kazi. Ni mtoto wa darasa la nne anayetumwa "katupe". Ni mpangaji wa chumba kimoja anayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi na kurudi saa tatu usiku. Hao hawakunyoosha mkono, kwa kuwa hawakuwepo. Na aliyenyoosha hajawahi kushika kile kiroba. Ndiyo maana mnakubaliana vizuri na hakuna kinachobadilika.

Acheni kuitisha mikutano kwa miezi miwili. Badala yake ongeeni na wabebaji pale walipo: kwenye genge, kwenye bomba la maji, kijiweni kwa bodaboda, nje ya madrasa na baada ya ibada. Mazungumzo yawe mafupi na yahusu jambo moja tu: gari linakuja lini, kiroba kiwekwe wapi. Dada wa kazi akijua kwamba guta linapita Jumanne na Ijumaa kabla ya saa mbili asubuhi, na likapita kweli mara nne mfululizo, hutahitaji kumfundisha kitu. Atapanga jikoni yake kulingana na guta.

Kuna taka moja ambayo mikutanoni haitajwi kwa aibu, nayo ndiyo inayojaza korongo: pampasi. Nyumba ya vyumba sita yenye watoto watatu wachanga na uani mmoja haiwezi kukaa na pampasi wiki nzima, joto la Dar likiwa hivi. Harufu inaleta ugomvi kati ya wapangaji, na usiku mtu anaubeba mfuko wake. Huyo mtu si mkaidi. Kapewa huduma isiyolingana na kitu alicho nacho. Mkipita mara mbili kwa wiki na kukubali kiroba cha pampasi kilichofungwa peke yake, bila maneno na bila kukunja uso, sehemu kubwa ya utupaji wa usiku itakwisha. Mwambieni kijana wa guta asiwahi kumtania mama kwa sababu ya kilichomo. Taulo za kike ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo, mtaanzaje na 360,000 mfukoni? Msianze na mtaa mzima. Chagueni eneo dogo, kaya 80 hivi, lenye walipaji wengi waliobaki na lenye mjumbe wa serikali ya mtaa anayeaminika. Hilo eneo lihudumieni kama saa, mara mbili kwa wiki, kwa miezi miwili. Waliobaki elezeni wazi kwamba mtawafikia kwa zamu na msiwatoze kwa wiki ambazo hamkupita. Hili la kutotoza litakuuma ukiangalia mfuko, lakini hakuna tangazo lenye nguvu kama kikundi kinachosema "wiki hii hatukuja, kwa hiyo hatukudai". Majirani wa eneo la pili watakuja wenyewe kuuliza mbona upande wao hampiti. Wakija hivyo, mnapanua.

Kuhusu mjumbe niongeze neno. Viongozi wengi wa mitaa waliopo sasa waliingia kwa uchaguzi wa Novemba 2024, na baadhi ya mitaa bado ina vidonda vya kampeni. Taka zisipewe rangi ya chama. Mkusanyaji wa ada asiwe mtu anayejulikana kwa fulana yake, kwa sababu nusu ya mtaa itajitoa kimyakimya na hamtajua kwa nini.

Jambo linalofuata ni uzito, na hapa ndipo hesabu yenu itakapopona. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani jijini hapa ni vitu vibichi: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, mabaki ya ugali, vifuu, majani ya kufagia uwanja. Tuchukue asilimia 60 ya tani zenu 5.6, ni kama tani 3.4 kwa wiki. Mnalipa laki moja kwa safari kusafirisha maji yaliyomo kwenye maganda ya ndizi hadi Pugu. Kama nusu tu ya vibichi hivyo vitabaki mtaani, uzito unashuka hadi tani 3.9. Ondoa chupa, maboksi na vyuma vinavyonunuliwa, mnakaribia Canter moja. Safari nane kwa mwezi zinakuwa nne au nne na nusu, na shilingi 400,000 hadi 450,000 ndiyo gharama yenu mpya ya gari.

Kimara ina bahati ambayo Manzese haina: viwanja bado vina migomba na mipapai. Mwenye nyumba achimbe shimo lenye kina cha mita moja nyuma ya nyumba, kila tabaka la maganda lifunikwe na majani makavu au udongo, nalo likijaa afukie na kuchimba jingine. Akifunika hakuna nzi. Asipofunika atapata nzi na panya, na atawaambia majirani kwamba wazo lenu ni bovu, kwa hiyo mwonesheni mara ya kwanza kwa mikono yenu. Kwa wapangaji wasio na uwanja, wekeni ndoo yenye mfuniko ya vibichi peke yake, ikusanywe na guta siku zilezile mbili. Wafugaji wa nguruwe na ng'ombe wa maziwa hamuwakosi upande huo. Watapokea maganda na mabaki mradi hamna plastiki, wembe wala vijiti vya mishikaki ndani. Kinachobaki kifanywe mboji sehemu moja. Kinondoni manispaa inaendesha kiwanda cha mboji pale Mabwepande, kinachotumia zaidi taka za masokoni, na afisa wenu wa mazingira anaweza kuwaombea nafasi ya kwenda kuona kazi ilivyo.

Ila safari ya kwanza ningewapeleka Bonyokwa, hapo jirani yenu. Taasisi ya Nipe Fagio ilishirikiana na wakazi wa kata ile kuanzisha utaratibu wa kutenganisha taka nyumbani, zikakusanywa nyumba kwa nyumba na wazoaji waliojiunga kwenye ushirika wao wenyewe. Vibichi vinakwenda kwenye mboji, vya kuuzwa vinachambuliwa na kuuzwa, yanayobaki ndiyo yanayokwenda dampo. Nendeni na watu wanne: wewe, kijana mmoja wa guta, mwenye nyumba mmoja mbishi na dada wa kazi mmoja. Yule mbishi msimwache. Akirudi ameridhika atawafanyia kazi ambayo hotuba kumi hazifanyi.

Msidai kutenganisha mafungu matano siku ya kwanza. Mafungu mawili yanatosha, kibichi na kikavu. Tangu mifuko laini ya plastiki, ile tuliyozoea kuiita rambo, ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kaya nyingi zinatumia viroba vya unga na vya mchele kwa taka. Kiroba kwa kikavu, ndoo kwa kibichi, basi. Chupa za maji na soda nazo msizipiganie na waokota chupa. Wale vijana wanaopita alfajiri na kuchana viroba wanachana kwa sababu chupa zimechanganywa na uchafu. Mtafuteni mmoja au wawili wanaojulikana, muwape eneo, kaya ziwape chupa mkononi, nao wawe macho yenu ya alfajiri. Kijana wa mkokoteni vilevile. Leo anawaharibia kwa kupeleka taka korongoni kwa mia tano, lakini anaujua mtaa, ana nguvu, na watu wanamwita kwa jina. Mwingizeni kikundini. Mkimfukuza atafanya usiku.

Hilo korongo lenu lina mwisho wake. Maji ya makorongo ya upande wa Kimara yanateremka Mto Ubungo, yanaingia Msimbazi, yanafika Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu mabondeni na kuwahamishia wengine Mabwepande, na kila masika tunaona daraja la Jangwani likifungwa. Taka peke yake haileti mafuriko, mvua na ujenzi wa bondeni vina sehemu yake, lakini mtaro ulioziba kwa viroba unamwaga maji ndani ya nyumba ya mtu ambaye hajatupa chochote.

Kwenye pesa, tatizo la kwanza ni nani hasa anayelipa. Mliandikisha "kaya", lakini nyumba ya wapangaji sita ni kaya sita au geti moja? Kama hamkulitatua hilo, kila mpangaji anadhani mwenye nyumba kashalipa, na mwenye nyumba anasema wachafuzi ni wapangaji. Tumeliona jambo la aina hiyo tangu Agosti 2021 kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU: mpangaji anayenunua umeme ndiye anayekatwa kodi ya jengo lisilo lake, na manung'uniko hayajakwisha. Kaeni na wenye nyumba wa eneo la kwanza, mkubaliane kwamba ada ya taka itajwe wakati wa kupangisha, pamoja na maji na umeme. Wapangaji wanaopata pesa kwa siku waruhusiwe kulipa mia nane kwa wiki siku guta linapopita. Shilingi 3,000 mwisho wa mwezi, wakati kodi ya chumba nayo inadaiwa, ni nzito kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Wajane, wazee wanaoishi peke yao na wenye maradhi wasameheni kwa uamuzi wa wazi, majina yao yakijulikana na kamati tu.

Tatizo la pili ni kuaminika. Pesa taslimu mkononi mwa mkusanyaji, hata awe mwaminifu kama mtume, inazaa maneno. Tumieni namba ya malipo ya simu yenye jina la kikundi, na anayelipa taslimu apewe stakabadhi hapohapo. Kisha kila mwezi bandikeni ukutani ofisi ya mtaa karatasi moja yenye mistari michache: tumekusanya kiasi gani, gari limekwenda dampo siku zipi na kwa shilingi ngapi, vijana wamelipwa ngapi, salio ngapi. Karatasi hiyo ndiyo mkutano wenu wa kweli. Watu wataisoma wakisubiri barua ya utambulisho, wataibishia, wataipiga picha na kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Waacheni. Mtu anayebishana na hesabu zenu ameshaingia kwenye shughuli, na mara nyingi ndiye wa kwanza kulipa mwezi unaofuata.

Mkifika kaya 250 zinazolipa, makusanyo ni 750,000. Gari la 450,000 likitoka, zinabaki 300,000 kwa vijana wanne wanaofanya siku mbili kwa wiki, pamoja na mauzo ya chupa na mboji. Si pesa nyingi, lakini inalipika kila mwezi bila kuruka safari. Ada msiipandishe sasa. Mtu ambaye hajaona huduma kwa nusu mwaka atachukulia ongezeko kama tusi. Ikipita miezi sita ya ratiba isiyovunjika, wao wenyewe wataweza kulijadili.

Vijana hao wasisahaulike. Wananunuliwa glavu nzito, viatu vya buti, na wapelekwe kituo cha afya kupata chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini, kwa sababu sindano na vioo vimo ndani ya viroba hivyo. Kaya ziambiwe kuweka wembe, sindano na vioo kwenye kopo lenye mfuniko. Nimeona kikundi kilichovunjika kwa sababu tu kijana mmoja alichomwa sindano na hakuna aliyempeleka hospitali. Wenzake waliacha guta barabarani siku ileile.

Mwenyekiti wako na faini zake tumpe nafasi yake. Faini haikusanyi ada. Mkimpiga faini mtu asiyelipa huduma ambayo haikuja, mtapata aibu mbele ya afisa afya na kesi ya maneno isiyokwisha. Faini ina kazi moja: kumzuia anayetupa korongoni wakati njia halali ipo na inafanya kazi. Kwa hiyo ije mwisho, baada ya miezi ya ratiba, kwenye eneo ambalo guta linapita mara mbili kwa wiki bila kukosa. Itozwe kwa sheria ndogo ya manispaa, na mtendaji au afisa afya, kwa stakabadhi ya serikali. Sungusungu wa mtaa wasipewe kazi hiyo. Kuchoma plastiki uani nako kushughulikiwe kwa njia hiyohiyo. Moshi wake unaingia chumbani kwa mtoto wa jirani, na watu wengi wataacha wakipata pa kuipeleka plastiki hiyo.

Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi, iliyopata nguvu baada ya Rais Magufuli kuigeuza sherehe ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba 2015 kuwa siku ya kufanya usafi, itumieni kwa mitaro na korongo tu. Isichukuliwe kuwa badala ya kuzoa. Nimeona mitaa inayofagia kwa bidii asubuhi hiyo, inarundika taka kandokando ya barabara, halafu rundo linakaa wiki mbili kwa kuwa hakuna aliyepanga gari. Kama Canter haijathibitishwa, msifagie.

Nimalizie na mkopo. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, na kikundi chenu kikisajiliwa vizuri kinaweza kuomba. Lakini gari msinunue. Kwa safari nne kwa mwezi Canter yenu itakaa imeegeshwa siku nyingi, huku bima, tairi na dereva vikiendelea kula, na marejesho yakidaiwa kwenye mfuko ambao leo una 360,000. Endeleeni kukodi, na mtafute kikundi cha mtaa wa jirani mgawane gari moja la kukodi ili dereva awape bei ya jumla. Kama mtakopa, kopeni kwa ajili ya guta la pili, ndoo zenye mfuniko na mzani wa kupimia chupa na vyuma, na mkope baada ya walipaji kufika 250 kwa miezi mitatu mfululizo. Kabla ya hapo fomu ichukueni, muijaze, mkae nayo.